Ng'ombe Asiye na Mtunzaji

Kompyuta ya ofisi yetu ya Njombe ilikuwa haipendi baridi, na mimi nilikuwa sipendi kungoja. Kila asubuhi niliiwasha, nikaiacha igune, nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Mratibu wa mradi aliniona dirishani nikizunguka uani na kikombe cha chai, akanitania, "Dada, unachunga nini huko nje?" Nilikuwa sichungi chochote. Nilikuwa katika umri wa kuota kuhama, na kila basi lililoteremka kwenda Makambako na kukata njia ya Dar es Salaam niliona kama linaniacha mimi binafsi. Jioni nilirudi kwenye chumba changu cha kupanga pale mtaa wa Ramadhani, nikalala na nguo, nikaamka nimechoka.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Bwana mifugo aliyekuwa akitibu bure sasa alikuwa na duka lake la dawa, josho la kijiji lilikuwa limeota majani, na miradi ya wafadhili imejaa mjini, kila mlango na kibao chake. Mradi wetu ulikuwa wa ng'ombe wa maziwa. Familia ilipewa mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, lakini hakuwa wake bado. Siku alipozaa ndama jike, ndama huyo alilelewa mpaka akomae, akapelekwa kwa familia nyingine iliyokuwa ikingoja zamu, na hapo ndipo ng'ombe mama alipokuwa mali halali ya mwenyewe. Akizaa dume, unangoja mzao mwingine. Nimewasikia watu wakiwaombea ng'ombe wao kanisani wazae majike, na wala sikucheka, maana mimi ndiye niliyejua foleni ilivyokuwa ndefu.

Kazi yangu ilikuwa kujua ng'ombe gani yuko kwa nani. Nilikuwa na kanzidata, yaani programu iliyobeba orodha nzima ya ng'ombe wa mradi, pamoja na fomu za kuingizia habari na ripoti za kuchapa. Mwenzangu alikuwa Makambako, karani wa ofisi ndogo iliyokuwa chumba cha nyuma cha duka la pembejeo. Yeye hakuwa na habari na kanzidata. Aliandika watunzaji wa upande wake kwenye jedwali la kawaida, mistari na safu: namba ya hereni ya ng'ombe, jina la mtunzaji, kijiji, tarehe ya kupandishwa. Kila juma alinakili jedwali kwenye disketi, akaifunga kwenye gazeti, akaikabidhi kwa kondakta wa basi. Mimi niliipokea stendi nikaiingiza kwenye mashine yangu. Kanzidata niliiunganisha moja kwa moja na lile jedwali, ili ripoti zangu zisome alichoandika yeye bila mtu kuandika mara mbili.

Kwa maneno ni jambo rahisi. Kwa vitendo lilinizeesha. Leo unafungua ripoti, haina kitu, kwa sababu karani ameweka kichwa cha habari cha mistari miwili juu ya jedwali na kukipamba kwa rangi ya kijani. Kesho fomu inagoma kufunguka, kwa sababu amebadilisha jina la faili akaongeza neno "jipya". Kwenye safu ya tarehe aliandika "wiki ya Pasaka", au "baada ya kuvuna viazi", maana hivyo ndivyo mkulima alivyomwambia, na yeye hakuwa mtu wa kumsahihisha mzee wa watu. Nilimpigia simu nikiwa nimefura. "Kamwene, dada," alianza kwa salamu ya kwao. Nikaanza kugomba. "Sawa, dada. Pole, dada." Hasira iliniisha kabla sijaimaliza, na hilo nalo liliniudhi.

Kulikuwa na utaratibu mmoja tuliokubaliana. Mwanamume akifariki, ng'ombe hakuondoka nyumbani. Ukoo ulipaswa kukaa kwanza na kuamua nani atapokea dhamana yake, na ukoo hukaa kwa nafasi yake. Mpaka hapo jina la marehemu lilibaki palepale kwenye jedwali, ila kwenye namba ya hereni tuliongeza herufi M, kuonyesha kwamba ng'ombe sasa anatunzwa na mjane. Karani aliongeza huko, nami nikaongeza huku. Miaka ile tulizika sana, na herufi M zilikuwa zinaongezeka kwenye jedwali kila msimu. Sikupenda kuziangalia. Nilizichapa haraka haraka nikapita.

Mratibu wetu alikuwa akipenda ripoti moja kuliko zote, ile ya ng'ombe wasio na mtunzaji. Ilichukua namba zote za hereni za upande wa Makambako kwenye kanzidata, ikazitafuta kwenye jedwali la Makambako, na kila ng'ombe ambaye namba yake haikupatikana ikamwandika hana mwenyewe. Kwa kawaida walikuwa wachache: mtu kahama, mtu kashindwa kulisha karudisha. Hao walifuatwa na lori, wakapewa familia nyingine zilizokuwa zinangoja. Juma lile ripoti ilitoka ndefu. Mratibu akafurahi. "Unaona? Kumbe ng'ombe wapo, foleni itapungua!" Akaipiga muhuri, ikapelekwa Makambako kwa mwenye malori aliyetubebea ng'ombe.

Nilikuwa nimekwisha kuisahau siku simu ya mezani ilipolia. Alikuwa karani, na safari hii hakusema kamwene.

"Dada, lori limekwenda kwa shemeji yangu kule Wanging'ombe. Limemchukua ng'ombe. Shemeji naye kapanda nalo, hataki kuachia kamba. Wako hapa Makambako sasa hivi."

"Kwani shemeji yako kamrudisha ng'ombe?"

"Hajarudisha kitu. Ng'ombe ana mimba, yuko karibu kabisa kuzaa. Mzao wa kwanza ulikuwa dume. Huu ndio aliokuwa anaungoja. Akipelekwa kwa mwingine leo, shemeji hana ng'ombe na hana ndama."

Nikalifungua faili nikiwa bado nimeshika simu. Namba ya ng'ombe aliyonitajia ilikuwa pale kwenye orodha ya wasio na mtunzaji, imechapwa vizuri, na juu na chini yake namba nyingine, na zote zilikuwa na herufi M. Zote. Kila mjane wa upande wa Makambako alikuwa ametoweka.

Mratibu alikuwa safarini na gari la mradi. Basi nililoliona lilikuwa linakwenda upande wa Songea, kinyume na nilikotaka kwenda. Sikuweza kukaa stendi. Nilitembea mpaka kwenye mwinuko wa kutokea mjini nikasimamisha lori la mbao, dereva akanipa nafasi mbele, na njia nzima nilikuwa nasukuma sakafu ya gari kwa mguu kana kwamba mimi ndiye nakanyaga mafuta. Dereva alikuwa mpole. Alinipa muwa. Nikautafuna bila kuuonja, huku nikijiuliza namba zinatowekaje zote kwa pamoja na jedwali liko vilevile.

Makambako upepo ulikuwa unasukuma vumbi kama kawaida yake. Nilipita uani kwa mwenye malori, mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma aliyekuja pale zamani kutoka Tanga akabaki. Ng'ombe alikuwa amefungwa kivulini, kiwele kimejaa, miguu imetanuka. Mwanamke mwenye kanga mbili alikuwa amekaa chini karibu na kichwa chake, kamba ameizungusha mkononi. Sikumsogelea. Niliona haya, na mtu mwenye haya hutembea haraka.

"Binti, wewe ndiye wa ofisini?" mzee aliniuliza. "Huyu ng'ombe mimi simpeleki mbele. Nimemwona kiwele, nimewaambia vijana wangu wamshushe. Atazalia barabarani, na mimi sitaki dhambi hiyo. Lakini karatasi ya kumchukua ninayo, ina muhuri wenu. Nikimrudisha lazima niwe na karatasi ya kumrudisha. Hii ni kazi, si hisani."

"Utaipata," nikasema.

"Mapema. Baada ya alasiri lori linaondoka na mzigo mwingine."

Karani alikuwa ameshawasha mashine. Nakala ya kanzidata nilikuwa nimeiweka humo zamani ili ajaribu fomu, kwa hiyo tuliweza kutazama pande zote mbili palepale. Nikamsogeza kwenye kiti kwa kiwiko. Nikafungua jedwali lake: namba za wajane zipo, herufi zipo, kila kitu kipo. Nikafungua jedwali hilohilo kupitia kanzidata: mahali pa namba hizo palikuwa na alama ya kosa, mstari baada ya mstari.

Nikajaribu kuvunja muunganisho na kuunganisha upya. Vilevile. Nikaigeuza safu nzima iwe ya maneno badala ya tarakimu. Haikusaidia, kwa sababu namba zilizokwisha kuandikwa hubaki kama zilivyoandikwa mpaka uziandike moja moja upya, na zilikuwa nyingi. Umeme ukayumba, taa ikafifia, sote tukabana pumzi, ukarudi. Nikainuka, nikatembea mpaka mlangoni, nikarudi. Karani alikuwa amesimama ukutani mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Ndipo nikaona mpangilio. Kwenye jedwali la juma lililotangulia ripoti ile wajane walikuwa wametawanyika, mmoja hapa, wawili pale, na mwanzoni kabisa walikuwa wamesongamana kidogo kwa sababu kijiji chao kiliandikishwa kwanza. Sasa walikuwa wote chini kabisa, baada ya mstari mtupu.

"Nani alikuambia ulipange upya?"

"Hakuna aliyeniambia, dada."

"Sasa uliligusia nini?" Nilikuwa napiga kelele, na mwenye duka akachungulia. "Hii programu haisomi safu nzima kabla ya kuamua! Inatazama mistari ya mwanzo tu. Ikiona humo wengi wana herufi, inasema haya ni maneno, inapokea yote. Ikiona tarakimu tupu inasema hizi ni tarakimu, na mwenye herufi akija huko chini inamkataa! Umewashusha wote chini, imewakataa wote!"

Na isingekataa kimyakimya hivyo, kusema kweli, kama nisingekuwa nimeweka kiraka changu. Zamani kanzidata na jedwali zilipotofautiana, huku maneno, huku tarakimu, programu ilikuwa inagoma na kutoa onyo. Nilichoka na maonyo, nikaweka amri ya kuzilazimisha zikubaliane, kelele zikaisha. Hilo sikulisema kwa sauti.

Karani alikohoa. "Dada, mimi ndiye ninayesoma majina siku ya mkutano wa wafugaji. Nasoma kutoka kwenye jedwali, mstari kwa mstari, na kila mtu anaitikia. Kaka alikuwa katikati ya mchungaji na jirani yake. Kila mwezi nikifika hapo nasoma jina lake. Siwezi kuliruka, limeandikwa. Nalisoma, watu wote wanainama. Mara ya mwisho nikashindwa kuendelea. Nikaona si heshima kuwachanganya marehemu na walio hai kana kwamba wataitikia. Nikawaweka pamoja mahali pao, nikaacha nafasi katikati."

Nilimfahamu karani huyu kwa sauti ya simu na faili zilizoharibika. Mpaka siku ile sikuwa nimewahi kujua kwamba moja ya herufi zile M ilikuwa ya nyumbani kwao.

"Tuwapandishe," nikasema, kwa sauti ya chini kidogo. "Wote. Juu kabisa, chini ya vichwa vya safu."

"Huko juu yupo mwenyekiti wa kijiji, na mchungaji."

"Watashuka."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo, ni kuandika upya kila namba. Utaimaliza kesho kutwa, na lori linaondoka leo."

Akakaa. Nilimwachia kiti, kwa sababu jedwali lilikuwa lake. Akawakata mmoja mmoja kutoka chini na kuwabandika juu, na wa kwanza kabisa akamweka kaka yake. Nikaunganisha upya. Alama za kosa zikatoweka. Namba za hereni zikajitokeza na herufi zao, ripoti ya wasio na mtunzaji ikasinyaa ikabaki na namba chache za kawaida, na mimi nilirukaruka pale chumbani kama mtoto. Nikaagiza karatasi ya kumrudisha ng'ombe, printa ikaanza kukwaruza. Nikaichana karatasi kabla haijamaliza kutoka, nikakimbia nayo uani.

Mzee aliisoma akiwa ameishika mbali na macho. Kisha akanitazama.

"Huyu si ndiye tuliyemzika? Lori la jeneza nilitoa mimi."

"Ndiye. Namba ni ya ng'ombe huyu."

"Namba sikatai. Lakini imeandikwa akabidhiwe yeye. Mimi nitamkabidhije marehemu ng'ombe, binti? Niandikie mtu atakayeshika kamba."

Nikarudi ndani nikiwa nimeanza kuchemka tena. Jua lilikuwa limeshavuka. "Anataka jina la mtu aliye hai," nikamwambia karani.

"Ukoo haujakaa."

"Kwa nini haujakaa? Mwaka mzima umepita."

"Anayepaswa kuuitisha ni mimi." Alikuwa anatazama kibodi. "Wazee walishasema. Ukikaa, ng'ombe atakuja kwangu, mimi ndiye mdogo wake. Ndiyo maana sijauitisha."

Nikaona mwanya, nikauvamia. Kila nikikumbuka najisikia vibaya jinsi nilivyokuwa mwepesi. "Basi andika jina lako, tumalize! Wazee wamekubali, mzee wa malori atakubali, mratibu atakubali. Ng'ombe anaondoka hapa na mtunzaji halali."

Karani akainuka, akavuta shati lake vizuri, akatoka. Nikamfuata nikidhani amekwenda kuzungumza na mwenye malori. Alikwenda mpaka kivulini, akachuchumaa mbele ya shemeji yake, si karibu sana, kama mila inavyotaka.

"Shemeji, samahani. Nisaidie jambo moja. Jina lako ni nani?"

Yule mwanamke alimkodolea macho. Walikuwa wameishi ua mmoja tangu karani akiwa kijana wa shule. Kwake alikuwa shemeji. Kwa kijiji kizima alikuwa mama wa mtoto wake mkubwa. Kwangu alikuwa herufi.

"Jina langu?"

"La kwa baba yako. Ulilokuja nalo."

Akalitaja taratibu, la kwake na la baba yake, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani. Karani akalirudia kwa sauti ili asilipoteze njiani, akaingia nalo ndani. Mimi nikabaki nimesimama pale kivulini, kisha nikamwambia, "Karibu ndani, mama, uone linavyoandikwa." Akamkabidhi mzee kamba, akajifunga kanga, akanifuata.

Karani alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe cha kufutia. Jina la kaka yake likaondoka herufi moja moja kutoka mwisho kurudi mwanzo, polepole, maana alikuwa anabonyeza na kuachia, anabonyeza na kuachia. Pakabaki patupu. Akaandika la shemeji. Alikuwa analia na hakujificha, na mimi sikumharakisha. Nikachapa karatasi moja ya ukurasa mmoja, nikaigonga muhuri wa ofisi ile, nikampa mama yule, si mzee wa malori.

Aliisoma. Shule alikwenda, alisoma vizuri tu, midomo ikitembea. Alifika mwisho wa mstari akarudi mwanzo, akausoma tena. Kisha akatazama kwenye kioo cha kompyuta, mstari wa kwanza, mahali jina la mume wake lilipokuwa muda mfupi tu uliopita.

"Na yeye mmemweka wapi?"

Karani akanitazama mimi, kwa sababu fomu niliitengeneza mimi. Nikaipitia kichwani sehemu kwa sehemu: hereni, mtunzaji, kijiji, tarehe ya kupandishwa.

"Humu hana nafasi, mama," nikasema. Sijawahi kutamka jambo la kweli nikaona uchungu kama ule.

Nje ng'ombe akalia, sauti nene ya ng'ombe mwenye kiu, na mzee akaita kwamba lori linawashwa. Mama yule akaikunja karatasi, akaitia kifuani ndani ya kanga.

"Haya," akasema, akatoka kumshika ng'ombe wake.